Nevada ya Fundi Nicanor

Sisi watu wa Arequipa tuna ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari anayeutibu, na wala hatumwombi autibu. Tunauita nevada. Theluji ikilala juu ya mlima Chachani, asubuhi yake upepo mkavu hushuka, kichwa kinabana, na mtu mzima anaamka hataki kusalimiwa hata na mama yake mzazi. Ukimsemesha asikujibu, usijisumbue kukasirika. Unasema, ana nevada huyo, unashika njia yako, na maneno yanaishia hapo.

Ndani ya neno hilo ndimo alimojificha fundi Nicanor Quicaña kwa miaka miwili na ushee, na mwili wake wote ule mkubwa na kofia yake ya majani juu.

Wala si yeye aliyelichagua. Siku moja jirani alimsalimia juu ya ua mara tatu, na Nicanor akaendelea kufunga kamba za viatu kana kwamba kilichosalimiwa ni nguzo ya ua. Mkewe, Eudocia, aliona haya. Akamwambia jirani amsamehe, mzee leo kaamka na nevada. Ilikuwa Oktoba, jua linachoma, Chachani mkavu kutoka kileleni hadi miguuni, hauna theluji hata ya kujaza kikombe. Jirani aliutazama mlima, akamtazama Nicanor, akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda zake. Eudocia alibaki na ndoo mkononi, akistaajabu jinsi uongo ule ulivyopita kirahisi.

Ukweli ni kwamba masikio ya Nicanor yalikuwa yanakufa. Miaka arobaini na moja alikuwa akipiga chuma kwa chuma, nyundo kubwa juu ya kabari, kutwa nzima, na sikio nalo ni nyama. Kwanza walipotea ndege. Kisha birika likawa linachemka mpaka linakauka, naye ameketi pembeni yake. Halafu zikaondoka sauti za wanawake, na mwisho sauti ya Eudocia mwenyewe, isipokuwa asimame mbele yake, amtazame usoni, aseme taratibu. Nyundo za wenzake bado alizisikia, lakini kwa mbali, kama zinapigwa nyuma ya godoro.

Mtu atauliza, kuna aibu gani kutosikia? Uzee huja na mengi, na uziwi si wizi. Ni kweli, lakini huyo anayeuliza hajapata kufanya kazi korongoni kwetu.

Jiwe letu jeupe, ambalo mji mzima umejengwa kwalo, makanisa na mabenki na vibanda vya kuku, zamani lilikuwa majivu. Si majivu ya jikoni haya ya kupeperuka. Mlima ulipasuka, majivu yenye moto usiosemeka yakatiririka kuja bondeni kama uji uliofurika sufuria, yakajaza kila shimo, yakatulia, na kwa joto lake yenyewe yakashikana yakawa mwamba. Ndiyo maana ukilipasua unakuta ndani vipande vya jiwe jepesi na kokoto nyeusi, vitu vilivyobebwa na mafuriko yale bila kuulizwa. Maji ya mvua za miaka mingi yakaukata mwamba huo, yakaacha korongo lenye kuta nyeupe pande mbili, ndefu kupita mnara wa kanisa. Sisi tunaingia chini ya kuta hizo tukiwa na mitaimbo, tunazibomoa.

Na ukuta, kabla haujaanguka, husema. Kwanza ni tiki, tiki, kama mtu anavunja vijiti vikavu mfukoni. Kisha ni mchanga unaomiminika, ssss, kidogo sana. Ukisikia cha kwanza una muda wa kukimbia. Ukisikia cha pili una muda wa kukimbia ukiacha kofia. Usiposikia chochote, basi.

Leoncio, kaka yake Nicanor, hakusikia chochote. Baruti ilikuwa imemziba masikio tangu ujana, kila mtu alijua, na kwa kuwa alikuwa mcheshi na mkarimu, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia akae nyumbani. Walimtoa chini ya mawe kwa siku mbili. Baada ya mazishi Nicanor alikwenda kwenye mkutano wa chama cha wachonga mawe akiwa bado na kitambaa cheusi mkononi, akapiga meza, akataka iandikwe sheria. Asiyesikia ukuta asifanye kazi chini yake. Mtu mmoja alisema tuangalie na ubinadamu. Nicanor alimjibu kwamba huo ubinadamu ndio uliomuua Leoncio, na kwamba sheria iandikwe hivyo hivyo, bila msamaha kwa yeyote, hata angekuwa baba yake. Ikaandikwa. Kila mtu akatia sahihi, na asiyejua kuandika akatia dole gumba.

Hiyo ilikuwa miaka ishirini na miwili kabla ya ile salamu ya juu ya ua. Sasa unaona alivyojifunga mwenyewe. Siku watakapojua, Nicanor anatoka korongoni kwa sheria ya mdomo wake, na nje ya korongo Nicanor hakuwa na kitu. Aliingia mle akiwa na miaka kumi na minne. Hajui kulima, hajui kuuza, hata kukaa tu kitini hajui, miguu humuwasha. Eudocia alimwambia kwa ishara na kwa maneno aende kwa daktari wa masikio. Alikataa katakata. Akionekana na kidude sikioni, siri imekwisha.

Basi akawa mjanja. Alijifunza kusoma kofia za wenzake. Kofia zikigeuka zote upande mmoja, naye anageuka. Watu wakicheka, anacheka nusu, kwa tahadhari. Akiulizwa kitu ambacho hakukidaka, anakunja uso na kutema mate pembeni, na watu wanaambiana, mwacheni, ana nevada. Ilifika mahali nevada ya Nicanor ikawa na sifa korongo zima. Wengine walimsifu. Wakasema huyo ndiye mtu wa Arequipa halisi, wa kizamani, hana muda wa porojo.

Mtu mmoja tu hakumsifu, naye alikuwa Hermógenes Taco.

Hermógenes alikuwa kompadre wake. Ndiye aliyesimamia ubatizo wa binti wa kwanza wa Nicanor, na huku kwetu hilo si jambo la mchezo. Ukishakuwa kompadre wa mtu, mnazikana. Miaka thelathini walikuwa wamechimba ukuta mmoja, bega kwa bega. Hermógenes ni mfupi, mkavu, mwenye masikio makubwa yaliyosimama kama vishikio vya chungu, na masikio yale yalikuwa mali ya korongo zima. Alisikia ukuta kabla ya mbwa. Kwa hiyo unaweza kuelewa hasara aliyoipata Nicanor pale Hermógenes, bila neno, alipohamisha mitaimbo yake akaenda kuchimba hatua hamsini mbali, akaacha kumsalimia.

Nicanor hakujua sababu. Domitila, mke wa Hermógenes, alikuwa amefariki wiki chache kabla, na Nicanor alijiambia kwamba ni huzuni, itapoa. Haikupoa. Miezi ikapita, ikawa miaka. Wakikutana njiani Hermógenes alitazama mlima kana kwamba ndio kwanza anauona. Nicanor naye ana kichwa chake. Akasema moyoni, kama yeye kanuna bure, mimi siendi kumbembeleza. Wakakaa hivyo wazee wawili wazima, mmoja analiangalia jiwe lake na mwingine lake. Mimi nawaambia, ningekuwa mke wa mmoja wao ningewagonganisha vichwa.

Mambo yalipasuka Jumatano moja ya Agosti, kama saa nne asubuhi. Nicanor alikuwa ameinama chini ya ukuta wake, anasawazisha upande wa jiwe kwa sululu ndogo, mgongo amewapa wenzake. Alikuwa anafikiria chakula. Akaona mchanga mweupe unaanguka taratibu juu ya jiwe lake. Akaupuliza. Ukaanguka tena, akaupuliza tena, na akakasirika kidogo, kwa sababu ulimfunika mstari aliochora.

Nyuma yake watu kumi na wawili walikuwa wanapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imesimama.

Alichokijua baadaye ni kwamba mkanda wake umeshikwa na suruali imembana vibaya, na kwamba anaburutwa kinyumenyume na mtu mwenye nusu ya uzito wake. Ardhi ikaruka. Korongo likajaa vumbi, kila kitu kikawa cheupe, na Nicanor akajikuta chali, ana mtu juu ya kifua chake. Vumbi lilipopungua akaona masikio yale mawili, akamtambua.

Mdomo wa Hermógenes ulikuwa unakwenda mbio. Nicanor hakupata hata neno moja, lakini alikuwa amefurahi kuwa hai, na alidhani mzaha ungefaa.

"Kompadre," akasema, "leo umekumbuka kunisalimia?"

Hermógenes alimchapa kwa kofia. Kisha akasimama, akamtazama kwa muda, macho yamejaa vumbi. Watu walikuwa wamewazunguka. Hermógenes akaokota nyundo na kabari, akaenda nyuma ya Nicanor, akazigonganisha karibu na kisogo chake kwa nguvu zake zote. Kila mtu alijikunja. Nicanor aliendelea kupangusa magoti yake.

Akaona viatu vya wenzake haviendi popote. Akainua macho, akaona nyuso zao, akageuka, akaiona nyundo mkononi mwa Hermógenes. Hapo akaelewa wameelewa. Miaka miwili na ushee ya ujanja ilikuwa imekwisha kwa pigo moja, tena pigo ambalo hata hakulisikia. Alifikiria Leoncio, akafikiria lile daftari la chama lenye sahihi yake ya kwanza kabisa juu ya nyingine zote.

Hermógenes alichuchumaa mbele yake, uso kwa uso, akasema taratibu, anafungua mdomo sana kama anayemlisha mtoto.

"Tangu lini?"

"Zamani."

"Zamani lini? Jumapili ile ya adobo ulikuwa unasikia?"

"Jumapili zote tunakula adobo, kompadre. Ipi?"

"Ile baada ya msiba. Kwa mama Eulogia. Mimi na wewe, meza ya dirishani."

Nicanor aliikumbuka. Chungu kilikuwa kizuri siku ile, nyama ya nguruwe imelala usiku kucha ndani ya machicha ya pombe ya mahindi, imelainika, na ukumbi wa mgahawa umejaa watu wanaoongea wote kwa pamoja, kwake yeye ulikuwa mvumo tu. Alikumbuka kwamba Hermógenes aliinamisha kichwa juu ya bakuli lake kwa muda mrefu.

"Nilikuomba uchonge jiwe la kaburi la Domitila," Hermógenes akasema. "Nilijikaza wiki nzima ndipo nikakuomba. Nawe ukachovya mkate."

"Uliniomba?"

"Nilikuomba mara mbili. Ukachovya mkate mara mbili. Ukatafuna, ukatazama dirishani."

Nicanor akamshika mikono yote miwili. Alisema hakusikia. Alisema tena, kwa sauti ya juu kupita kiasi kama wasemavyo viziwi, kwamba hakusikia, kwamba angeliacha bakuli pale pale na kwenda kulitafuta jiwe kwa mikono mitupu, angesikia. Na huyu mtu mkubwa, ambaye korongo lilidhani hana hata chembe ya ulaini, akalia mbele ya watu wote. Machozi yakamchora mistari miwili juu ya vumbi la mashavu.

"Na kaburi?" akauliza. "Nani amelichongea jiwe?"

"Hakuna," Hermógenes akasema. "Kuna msalaba wa mbao. Nilikataa kumwomba mtu mwingine. Nilitaka kila ukipita makaburini uuone ule msalaba, uone haya."

Hasira za namna hiyo tunazijua sana huku kwetu. Mtu anamnyima marehemu mkewe jiwe ili kumkomoa rafiki, na rafiki mwenyewe hana habari. Hermógenes alipojisikia akiyasema yale kwa sauti, alishika kichwa. Alisema yeye ni mjinga. Nicanor, ambaye hilo alilisoma vizuri midomoni, akasema ndiyo, na kwamba wako wawili.

Mkutano wa chama uliitwa Jumamosi mchana, kwenye kibanda cha mabati juu ya korongo. Mwenyekiti alikuwa Abundio Llerena, mtu mpole anayependa mambo yaishe bila mtu kuumia, na alikuwa ameshazungumza na watu pembeni. Aliwaambia kwamba Jumatano ile upepo ulikuwa mkali, fundi aliamka na nevada, akili haikuwepo, na kwamba sote tunajua nevada ni kitu gani. Akapendekeza iandikwe hivyo, wapite kwenye jambo lingine. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyetaka kumtoa Nicanor. Waliketi wanatazama viatu vyao na kumwonea huruma, kama walivyomwonea Leoncio.

Nicanor hakusikia hotuba hiyo, lakini alivisoma vichwa. Akasimama na kuvua kofia.

"Katibu, fungua daftari. Soma sheria."

Katibu akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akanyanyua mabega.

"Soma," Nicanor akasema. "Mimi naijua, someni ili muisikie nyinyi."

Ikasomwa. Nicanor alifuata kwa midomo, neno kwa neno, na alimaliza kabla ya katibu. Akawaambia hakuna nevada yoyote, na haikuwepo. Ni masikio. Amewadanganya miaka miwili, na miaka hiyo miwili yeyote kati yao angeweza kufa akija kumtoa, kama kompadre wake alivyotaka kufa Jumatano. Aliomba radhi. Alisema sheria ni yake, na haoni kwa nini imwume mwingine na kumlamba yeye. Sauti ilikuwa kubwa lakini mikono ilikuwa inazungusha kofia, inaizungusha tu. Alikuwa na hofu kama mtu anayesimama ukingoni, kwani alijua akitoka kwenye kibanda kile kesho yake hataamka kwenda popote.

Alipokwisha kusema akaelekea mlangoni. Hermógenes akamkamata mkanda tena.

Hermógenes hakuwa msemaji. Alisimama pale ameshika mkanda wa mwenzake, akauliza kama sheria inasema asiyesikia atoke chini ya ukuta au inasema atoke korongoni. Katibu akaangalia. Chini ya ukuta, ndivyo ilivyo. Basi, Hermógenes akasema, pale mdomoni mwa korongo, malori yanapopakia, hakuna ukuta. Pale kuna anga tu, na anga haijapata kumwangukia mtu. Mawe yatolewe ndani yakiwa mabichi, yapelekwe pale, na Nicanor ayachonge. Mawe ya matao, mawe ya milango, mawe yenye maua na majina, kazi ambayo vijana wa sasa hawaijui na wateja wanaiulizia.

Mtu mmoja wa nyuma akaleta pingamizi, na lilikuwa pingamizi la haki. Jiwe zuri hujulikana kwa kuligonga. Lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa wa ndani hujibu kwa sauti ya kibuyu. Huyu atajuaje analochonga? Atatupakia tao moja bovu, lianguke juu ya watu kanisani, tufungwe sote.

"Nitagonga mimi," Hermógenes akasema. "Yeye atachonga. Masikio yangu yanatosha watu wawili, si mnayaona yalivyo?"

Watu walicheka, na mwenyekiti, aliyekuwa anatafuta tu mahali pa kupumua, akaitisha kura upesi. Kura zetu ni za mikono. Nicanor hakuwa amefuata hata nusu ya maneno yale, alikuwa bado anavuta kuelekea mlangoni, mpaka Hermógenes alipomgeuza kwa nguvu awatazame wenzake. Mikono yote ilikuwa juu. Alisimama akaitazama, mikono myeupe kwa vumbi, mingine imepungua kidole, na hakuhitaji mtu wa kumwelezea.

Wiki iliyofuata Eudocia alimpeleka kwa daktari wa masikio, maana sasa hapakuwa na la kuficha. Alipewa kidude. Kikamsaidia nyumbani, na siku ya kwanza alikaa jikoni akisikiliza birika kama mtu aliye kwenye tamasha. Eudocia alimwambia kwamba kuanzia leo akimnyamazia, ni kumnyamazia kweli, nevada imefutwa nyumba hii. Lakini kazini kidude hakikufaa. Vumbi letu ni laini kuliko unga, lilikiziba kwa siku mbili. Akawa anakivaa jioni na Jumapili tu.

Jiwe la kwanza kufika mdomoni mwa korongo Hermógenes alilileta mwenyewe, kwa toroli, analisukuma na kusimama, kusukuma na kusimama. Alikuwa amelikata ndani kabisa, mahali mwamba ulipo mweupe bila hata kokoto moja nyeusi. Akaligonga. Nicanor alikuwa ameweka kiganja juu yake.

"Linalia?"

Hermógenes akaitikia kwa kichwa. Nicanor hakuuliza mara ya pili.

Alilichonga siku nne. Alizungushia mashina ya mahindi pembeni, kwa sababu Domitila alikuwa mpika pombe hodari, na juu akaweka upinde mdogo. Katikati akaacha uwanja laini wa kuandikia. Siku ya tano asubuhi Hermógenes alitoka kwenye ukuta wake, akaja akasimama, akasifu mashina, akasifu upinde, akakohoa. Hakujua kuandika zaidi ya jina lake mwenyewe. Maneno ya kuweka kwenye jiwe alikuwa nayo kichwani miaka miwili na zaidi, hajamwambia mtu.

Aliangalia huku na huku. Akainama karibu na sikio la Nicanor, akanong'ona.

"Sisikii," Nicanor akasema.

Akarudia, kwa sauti ya kawaida, akiwa amejikinga mdomo kwa kofia.

"Kompadre, toa kofia. Sioni midomo."

Akaitoa kofia. Lakini midomo yenyewe ilikuwa inatetemeka, haisomeki. Nicanor akatikisa kichwa, akangoja, patasi mkononi. Hermógenes alikuwa mwekundu mpaka kwenye yale masikio. Huyu ni mtu ambaye kwenye arusi yake mwenyewe alisema ndiyo kwa sauti ambayo padri alimwomba airudie. Alivuta pumzi, akafumba macho, akapiga ukelele.

"DOMITILA, NYUMBA IMEKUWA KUBWA MNO!"

Ukuta wa kushoto ukaupokea, ukampa wa kulia. Korongoni nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho kabisa kule ndani. Watu walisimama na vyuma vyao mikononi, hakuna aliyecheka.

"Imekuwa nini?" Nicanor akauliza.

"KUBWA MNO!"

Nicanor akaitikia kwa kichwa. Akapiga magoti mbele ya jiwe, akapangusa vumbi kwa kiganja, akaanza na herufi D.